Mji Ambao Mfalme Hafi: Safari ya Wakati na Fumbo la Vugha

Hadithi ya upelelezi imesimama juu ya sharti moja ambalo watunzi wake karibu wote wamelikubali: aliyekufa amekufa. Mpelelezi hufika baada ya tendo. Hukuta maiti, alama za nyayo, mlango uliofungwa kwa ndani, na watu ambao kila mmoja ana lake la kuficha. Kazi yake ni kurudi nyuma kwa akili tu, kutoka kwenye alama hadi kwenye mkono uliozitia. Ndivyo alivyofanya Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale ilipochapishwa mwaka 1960. Sisi wa visiwani tumelelewa na Bwana Msa, pamoja na kiko chake, utulivu wake, na sahibu yake Najum asiyechoka kushangaa. Mara nyingi ufunguo wa mafumbo yake haukuwa kisu wala bastola, bali nasaba: nani ni mtoto wa nani, na nani alificha kwamba ni mtoto wa nani. Wakati kwa Bwana Msa ni maandishi. Aweza kuusoma, lakini hawezi kuufuta.

Je, sharti hilo likivunjwa, na mpelelezi akapewa uwezo wa kurejea kwa mwili wake hadi siku ya kabla ya kifo, hadithi ya fumbo hubaki kuwa hadithi ya fumbo? Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa filamu za katuni za Kijapani wanazozitazama vijana wetu, na kwamba mhakiki wa Kiswahili hana la kutafuta humo. Makala haya yanashika njia nyengine. Tutaanza na Wajapani kwa kuwa wao wameliuliza swali hilo kwa uwazi. Kisha tutapanda mlima, kutoka Mombo hadi Soni na Lushoto, tufike Vugha, mji mkuu wa kale wa Washambaa. Huko tutaona kwamba swali lilikwishaulizwa, tena kwa Kiswahili, katika kitabu kilichoanza kuchapishwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Mfano wa Kijapani tutakaoushika ni anime iitwayo Boku dake ga Inai Machi, iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 2016 katika sehemu 12, ikiongozwa na Tomohiko Itō kutokana na vitabu vya picha vya Kei Sanbe. Jina lake likifasiriwa kwa Kiswahili ni "Mji Ambao Mimi Peke Yangu Simo". Satoru Fujinuma, kijana wa miaka 29 anayeishi mwaka 2006, ana jambo linalompata bila ya hiari yake: kila balaa linapokaribia, wakati humrudisha nyuma dakika chache ili alizuie. Siku mama yake anapouawa nyumbani, wakati humtupa mbali zaidi. Anajikuta mwaka 1988, katika mwili wa mtoto wa shule ya msingi, kwenye theluji ya Hokkaido, siku chache kabla ya kutoweka kwa Kayo Hinazuki, msichana wa darasa lake. Anatambua kwamba muuaji wa mama yake na aliyemchukua Kayo ni mtu mmoja.

Mtazamaji aliyezoea Bwana Msa huenda akalalamika, na lalamiko lake lina haki. Wanaoweza kushukiwa ni wachache mno, na mwenye jicho kali humtambua mkosaji mapema. Kwa mizani ya upelelezi wa kawaida, hilo ni doa. Lakini taharuki haipungui, na sababu yake ndiyo inayotuhusu. Safari ya wakati imebadilisha swali. Hatuulizi tena "Ni nani?" Tunauliza "Je, kesho kiti cha Kayo darasani kitakuwa na mtu?" Mara ya kwanza Satoru anajitahidi, siku ya kuzaliwa ya msichana inasherehekewa, tunadhani ameokoka, na kumbe kiti ki tupu. Inambidi arejee tena na kumficha Kayo ndani ya basi bovu, mbali na mama yake mwenyewe anayempiga. Uovu aliokuwa akiutafuta kwa mgeni ameukuta kwanza nyumbani.

Kutokana na mfano huu twaweza kutaja mambo matatu ambayo safari ya wakati huyafanyia fumbo. Kwanza, humtoa mpelelezi kwenye kiti cha mtazamaji na kumfanya mhusika wa kosa lenyewe. Akishindwa, naye ana sehemu yake katika kifo. Pili, hudai bei: katika wakati mpya Satoru anatupwa majini na muuaji, analala bila fahamu miaka 15, na wale aliowaokoa wanakua na kuzaa bila ya yeye kuwemo. Ndiyo maana ya lile jina, ambalo asili yake ni kazi ya shule aliyoiandika Kayo mwenyewe. Tatu, na hili ndilo kubwa kupita yote, humhitaji shahidi mmoja anayekumbuka nyakati zote mbili. Shahidi huyo asipokuwepo, wakati unaweza kurejeshwa nyuma mara elfu na pasiwepo mtu wa kujua kwamba palitokea kosa.

Sasa tupande mlima. Habari za Wakilindi ni kitabu cha Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyekaa na watawala wa Usambara na kuwatumikia. Sehemu yake ya kwanza ilichapishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1895, na zilizofuata zikatoka 1904 na 1907. Mwaka 1962 zote zilikusanywa kuwa kitabu kimoja, chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Wanahistoria wamekichimba kitabu hiki kwa bidii. Wahakiki wa fasihi wamekipita pembeni, kana kwamba kumbukumbu ya wafalme haiwezi kuwa na msuko. Tunaona kwamba wamekosa, kwani hiki ni kisa chenye fumbo tangu ukurasa wa mwanzo.

Mbegha anatoka Unguu. Ni kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa desturi ya zama hizo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa ni mkosi. Ndugu zake wanamnyima haki yake na kumfukuza. Anakwenda na mbwa wake na mikuki yake, anawinda nguruwe, anafanya urafiki na kijana wa mwenye mji wa Kilindi, na kijana huyo anafia katika mawindo. Mbegha anakimbia tena, safari hii akiwa na damu ya rafiki nyuma yake. Hatimaye anapanda milima ya Usambara, anawagawia watu nyama, anaamua magomvi yao, na usiku mmoja anamuua simba. Watu wa Vugha wanampa utawala. Mgeni aliyefukuzwa kwa mkosi sasa ni Simba Mwene.

Mpelelezi yeyote angesimama hapo na kuuliza: mtu huyu ni nani hasa? Ni mkosi kama walivyosema kwao, au ni baraka kama walivyosema Vugha? Kitabu hakijibu moja kwa moja. Kinamwacha Mbegha aonekane kwa vitendo vyake, na kila kijiji kinamsoma kwa jinsi kinavyomhitaji. Washambaa wana maneno mawili yanayokaa katikati ya fumbo hilo: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mwenye uwezo wa kuleta mvua ndiye pia mwenye uwezo wa kuizuia. Swali kuhusu kila mfalme wa Vugha ni lile lile lililoulizwa kuhusu Mbegha, na jibu lake hujulikana mwisho wa utawala, pengine baada ya wengi kwisha kuumia.

Lakini sehemu inayotuleta kwenye safari ya wakati ni kifo. Mbegha anaugua na kufa, na kifo chake kinafichwa. Wachache waliokuwa karibu naye wanaweka siri, mjumbe anatumwa usiku, mwanawe Buge anaingizwa Vugha gizani, na watu wanapoamka wana mfalme. Tendo hilo likawa desturi. Mfalme alipofariki, msiba haukutangazwa. Mrithi aliitwa kwa siri, akapita usiku katika njia ya Mbegha, akatenda tena mambo ya kufika kwa Mbegha, na alfajiri ngoma kuu ya ufalme, Nenkondo, ikapigwa. Watu walijua kwa mlio mmoja mambo mawili: kwamba mfalme amekufa, na kwamba mfalme amefika.

Tuangalie kwa makini jinsi tukio hili lilivyosukwa. Kuna maiti iliyofichwa, mjumbe wa usiku, mlango wa mji, mtu asiyeonekana uso, na mji mzima usiojua. Kila kiungo cha hadithi ya taharuki kimo isipokuwa muuaji. Na palipokuwa pakae muuaji, pamekaa wakati. Mrithi anayepita njia ile haigizi tu mambo ya kale. Kwa usiku mmoja nchi inarudishwa hadi siku ile ya kwanza, kabla ya njaa, kabla ya dhulma ya mfalme aliyepita, kabla ya kila deni la damu. Hata majina yanarudi. Kimweri anafuatwa baadaye na Kimweri, Shebughe na Shebughe, Kinyashi na Kinyashi, hata msomaji wa kitabu analazimika kurejea kurasa ili ajue yumo katika kizazi gani.

Wapenzi wa ushairi hawatashangazwa na mwendo huo, kwani wanao katika masikio yao. Utenzi huenda namna hiyo hiyo. Vipande vitatu vya kila ubeti huja na kina kipya, vikachukua habari mpya, vikatupeleka vitani au baharini. Kipande cha nne hurudi kwenye kina kile kile kilichoanza katika ubeti wa kwanza. Msikilizaji anasonga mbele na anarejea nyumbani kwa pumzi moja. Wakati wa Vugha ni wakati wa utenzi: tawala zinabadilika, kituo ni Mbegha.

Hapo ndipo Vugha na ile anime zinapoachana, na hapo ndipo penye jambo zito. Satoru anarudi nyuma ili kosa lisitendeke, na bei ya kurudi kwake analipa yeye. Vugha inarudi nyuma ili kifo kisionekane. Bei yake analipa nani? Kwa Wajapani, mji ni ule ambao mwokozi hayumo. Kwa Wakilindi, mji ni ule ambao mfalme hakosekani hata siku moja. Na mji ambao mfalme hakosekani ni lazima wengine wakosekane.

Kimweri ye Nyumbai, ambaye Krapf alimkuta Vugha mwaka 1848 na tena 1852, alifariki mwaka 1862. Mjukuu wake Shekulwavu alipokea utawala kwa njia ya desturi. Lakini chini ya mlima, Mazinde, kwenye njia ya misafara, alikuwapo Semboja, mtoto wa Kimweri, mwenye bunduki na marafiki wa biashara. Katika miaka ya mwisho ya 1860 aliiangusha Vugha. Angeweza kuketi yeye mwenyewe kitini. Hakufanya hivyo. Alimweka mwanawe, aliyeitwa Kimweri kwa jina la babu yake, naye akabaki Mazinde na nguvu zote.

Katika hadithi ya safari ya wakati, tendo hili lina uovu wa aina ya peke yake. Semboja hakuvunja mzunguko, aliughushi. Pale juu jina lilirudi kuwa Kimweri, kama kwamba hapakutokea kitu baina ya 1862 na siku ile. Pale chini wakati mwengine kabisa ulikuwa unakwenda, wakati wa baruti na wa watu kuuzwa. Wazee wa Kishambaa wanaeleza balaa la zama hizo kwa maneno mafupi: nguvu kwa nguvu. Wenye uwezo wawili wakishindana bila ya mmoja kushinda, mvua haina wa kuileta, na nchi inabanika. Vita vilizaa mateka, na mateka waliteremshwa hadi Pangani.

Msomaji wa visiwani hana budi kusimama hapa. Pangani inaelekeana na sisi. Mateka waliofikishwa katika bandari za Mrima walivushwa hadi mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na hata baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa mwaka 1873, magendo hayakukoma mara moja. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar ila mwaka 1897. Kwa hiyo, fumbo la Vugha lina sehemu yake ya mwisho kwetu, katika nasaba zile zile alizozipekua Bwana Msa, katika majina ya mababu ambayo yanakwenda vizazi vitatu au vinne kisha yakanyamaza. Mtoto wa Kishambaa aliyeuzwa zama za Semboja angeweza kuliandika lile jina la anime bila ya kubadili neno: mji ambao mimi peke yangu simo. Nenkondo ilipigwa, mfalme alifika, na viti vya watoto wale vilibaki vitupu bila ya Satoru wa kurudi kuvitazama.

Tulisema kwamba safari ya wakati humhitaji shahidi anayekumbuka nyakati mbili. Kwa Vugha, shahidi ni nani? Wazee wa mji wasiokuwa wa ukoo wa Kilindi walijua siri ya kifo na siri ya njia, na kwa kadiri fulani ujuzi huo uliwapa kauli mbele ya mfalme mpya. Lakini walikuwa pia walinzi wa siri, na mlinzi wa siri hawezi kuwa shahidi huru. Kwa maoni yetu shahidi hasa ni mwandishi, Abdallah bin Hemedi. Na hapo fumbo linazidi kukaza, kwa sababu shahidi huyu naye ana upande. Alikaa kwa Semboja, akala chakula chake, akashiriki mambo yake. Anapotueleza kwa nini Vugha ilianguka, tunalazimika kumsikiliza kama Bwana Msa anavyomsikiliza mtu aliyekuwapo nyumbani usiku wa mauaji: kwa adabu, na kwa kupima kila neno.

Haja ya kupima hivyo ilionekana wazi pale Steven Feierman alipokusanya masimulizi ya wazee wa Kishambaa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ufalme huo mwaka 1974. Habari ya Mbegha haikuwa moja. Kila ukoo ulikuwa na Mbegha wake, na kila kijiji kilitaka kiwe ndicho kilichompokea kwa wema. Wapo watakaosema kwamba tofauti hizo zinakipunguzia kitabu cha Abdallah thamani. Sisi tunaona kinyume chake. Simulizi lenye nakala nyingi ni simulizi ambalo watu bado wanaliendea wakitafuta mahali ambapo mambo yangeweza kugeuka.

Mwaka 1895 una maajabu yake katika habari hii. Mwaka huo huo sehemu ya kwanza ya kitabu ilitoka mtambo wa chapa, Semboja akafariki, na Wajerumani wakamnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Kinyashi aliwekwa mahali pake, akajiuzulu 1902, akarejeshwa na Waingereza 1926, akaondoka tena 1929. Hata wakoloni, bila ya kuielewa njia ya Mbegha, walijaribu kuurudisha wakati nyuma walipohitaji mvua ya utii. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na Nenkondo haikuwa tena na habari ya kutangaza. Lililobaki ni kitabu.

Tukikipima kama kazi ya sanaa, tunakiona kina nguvu mbili na upungufu mmoja. Nguvu ya kwanza ni utulivu wa lugha. Abdallah hasukumi hisia za msomaji. Anaeleza mjumbe wa usiku kwa sentensi zile zile anazoelezea mawindo ya nguruwe, na hofu inaingia yenyewe. Watunzi wetu wa riwaya pendwa, ambao kila ukurasa wana mapigo ya moyo na jasho la kipaji, wangeweza kujifunza hapo. Nguvu ya pili ni kwamba kurudi kwa majina na matendo kumekuwa ndio muundo, si pambo. Upungufu ni ule ule wa mji wenyewe. Walioteremshwa Pangani wanapita kwenye kurasa kama idadi na ngawira, hawasemi. Ile anime, pamoja na wepesi wa fumbo lake, imelielewa jambo moja ambalo kitabu chetu hakikulielewa: safari yote ya wakati ni kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye hakuna mkubwa aliyemuuliza anaendeleaje.

Basi hatuwaombi watunzi wetu waige Wajapani, wala wamtoe Bwana Msa katika kaburi la heshima alilolazwa. Tunasema kwamba riwaya ya fumbo ya Kiswahili inaweza kuvunja lile sharti la aliyekufa amekufa bila ya kuazima chombo chochote cha kigeni, kwa kuwa njia ya usiku kutoka Bumbuli hadi Vugha imo ndani ya lugha hii tayari. Atakayeiandika atuletee mpelelezi anayeingia mjini pamoja na mrithi, gizani, kabla ya ngoma. Lakini asiridhike kumtafuta mfalme aliyefichwa, maana mfalme atapatikana. Alfajiri ikifika atatangazwa. Amtafute yule asiyetangazwa. Ahesabu viti, na aandike kila kimoja kilicho kitupu kilikuwa cha nani.